TAHADHARI: Sakafu za SPC zenye ofa ya "kufunga bure"

Ndugu zangu mnaomalizia nyumba, ofa ya "nunua sakafu, kufunga bure" iogopeni, hasa kwa SPC, zile mbao za vinili za kupachika. Kuna muuzaji hapa Dar kamfungia dada yangu sebule na jiko kule Tegeta. Haijapita miezi mingi, vipande vya karibu na dirisha vimebinuka hadi mlango wa baraza haufunguki bila kukwaruza. Jina lake silitaji humu kwa sababu shauri bado liko mezani, na wenye mtindo huu ni wengi.

Upunjaji unaanzia kwenye mzigo. Risiti inasema milimita 5, ila ukipima kipande chenyewe ni 4, ile moja ni sponji iliyobandikwa chini. Halafu anakuuzia foma nyingine nene ya kutandika "kuzuia kelele". Msikubali. Kipande chenye sponji yake kikilala juu ya foma laini kinabonyea kila ukikanyaga, na viungo vinachoka mapema. Ulizeni pia unene wa ile ngozi ya juu inayozuia mikwaruzo. Nyumba yenye watoto na viti vya kuburuta inataka milimita 0.5, angalau 0.3. Huwa imeandikwa kwenye katoni. Katoni isiyo na maandishi iacheni dukani.

Balaa lenyewe ni fundi wa bure. Huyu alikuja na kisu, nyundo ya mpira na spika ya muziki. Rula hana, pima maji hana! Sakafu za kupachika hazibandikwi wala hazipigiliwi misumari, zinaelea juu ya zege, kwa hiyo zege lazima liwe limenyooka. Laza rula ya alminiamu ya mita 2. Uwazi chini yake ukizidi milimita 3, bonde hilo lizibwe kwanza. Kwa dada halikuzibwa. Tulipong'oa kipande kimoja katikati ya sebule tukakuta ulimi wa kupachikia umekatika wote, na juu yake donge la supagluu limekauka. Kumbe fundi aliona kiungo kimevunjika mkononi mwake, akakigandisha ili kikae mpaka alipwe.

Ukutani ndiko alikoharibu zaidi. Vinili inatanuka ikipata joto, na jua la saa kumi kwenye dirisha la kioo Dar mnalijua. Ndiyo maana huachwa nafasi ya milimita 6 hadi 10 kuzunguka chumba chote, pamoja na kwenye fremu za milango, kisha skatingi inaificha. Yeye kasukuma vipande hadi vikagusa plasta, kisha skatingi ikafunika dhambi yote. Jikoni makabati yakafungwa kwa skrubu juu ya sakafu hiyo hiyo. Sasa itatanukia wapi?

Muuzaji alipopigiwa simu akajibu kwamba dada anapiga deki na maji mengi. Sakafu aliyoitangaza kwamba haipitishi maji leo imeharibiwa na deki! SPC ni unga wa mawe na plastiki, haivimbi kwa maji ya deki. Unyevu unaosumbua ni wa chini, hasa zege likiwa jipya, maana ukungu na harufu vinajificha humo. Kabla ya kufunga, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa selotepu pande zote, ukiache saa 24. Ukikuta matone ndani au zege limekuwa jeusi, subiri.

Mkilazimika kununua kwa watu wa aina hii, msilipe yote mwanzoni. Baki na hela ya maana hadi uone ile nafasi ya ukutani kwa macho yako kabla skatingi haijapigwa, na upige picha. Risiti ya EFD iandikwe unene na namba ya bidhaa, siyo "sakafu" tu. Katoni moja ibaki stoo, kwa sababu rangi hiyo mwakani huenda usiipate.

Dada ameshapeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Aliyefungiwa kwa ofa kama hii na ana risiti au picha, anitumie inbox, nimuunganishe naye.