Shule au skuli?

Hapa Mombasa ubishi huu hauishi: mtoto aenda shule au skuli?

Kwa asili, hakuna anayemcheka mwenzake. Skuli ni school ya Kiingereza. Shule ni Schule ya Wajerumani waliotawala Tanganyika. Yote mawili yarudi kwa schola ya Kilatini, nayo yatoka skholē ya Kigiriki, yaani wasaa, nafasi ya mtu kupumzika! Mwambie hayo mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri, begi limemlemea mgongoni.

Kwa kukubalika, shule yashinda bara na vitabuni. Skuli yatamba Zanzibar, hata kwenye vibao vya serikali. Usahihi? Sawa tu.

Kwa ladha, mimi ni wa skuli. Bibi wa Mji wa Kale akiuliza, "Washatoka skuli?" hakuna wa kumsahihisha. Ila mwanangu kwenye insha ya mtihani huandika shule, nami sibishani naye. Mwalimu mwenye wanafunzi wa Kisumu na Kwale darasa moja atumie shule. Barazani kwa wazee, skuli yatosha. Na chuo je? Kwa wazee wetu chuo ni cha Kurani, na huo ni ubishi mwingine.