Uchambuzi: boksi la Jelly Roll Morton, sidii 8 za muziki na simulizi

Habari zenu wapenzi wa muziki. Leo mezani nina hili boksi lenye umbo la piano, sidii 8 zilizotolewa na Rounder mwaka 2005. Humu Jelly Roll Morton, mpiga piano wa jazi wa New Orleans, anapiga piano, anaimba na kusimulia maisha yake. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alimrekodi mwaka 1938 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, miaka mitatu tu kabla hajafariki.

Niseme mapema, sauti ina mikwaruzo, kwa sababu rekodi hizi zilinaswa kwenye santuri. Lakini vaeni hedifoni: mtamsikia anavyopiga mguu sakafuni kufuata mapigo, anaongea, na vidole haviachi piano.

Morton alianza kazi akiwa kijana mdogo, kwenye madanguro ya Storyville, mtaa wa New Orleans uliotengwa kwa sheria ya mji mwaka 1897 na kufungwa mwaka 1917 kwa shinikizo la jeshi la majini. Bibi aliyemlea alipojua, alimfukuza nyumbani. Na huyu Morton, mtu wa majigambo kwelikweli, aliyedai kuwa yeye ndiye aliyevumbua jazi mwaka 1902, akifika kwa Tony Jackson, mpiga piano mwenzake wa Storyville, anamvulia kofia.

Wengi husema jazi ilizaliwa danguroni. Mimi sikubali, na ushahidi umo humuhumu. Sikilizeni anapoichambua Tiger Rag. Anaanza na kwadrili, dansi ya kizamani ya Kifaransa, kipande kwa kipande, kimojawapo cha walzi. Halafu vipande vilevile anavichangamsha, mpaka anagandamiza funguo kwa kiwiko kutoa mngurumo wa chui milia, ndiye tiger wa jina la wimbo. Kama kweli yeye ndiye aliyeugeuza wimbo huo, wanahistoria wanabisha. Ila njia anayoionyesha inatoka kwenye kumbi za dansi na bendi za matarumbeta zilizosindikiza mazishi. Storyville iliwapa wapiga piano hela na bakshishi, na hilo si dogo, lakini muziki walikuja nao.

Wapenzi wa rumba, msikilizeni anapofika kwenye kile anachokiita ladha ya Kihispania. Mkono wa kushoto unapiga habanera, mdundo wa dansi wa Kuba, mtautambua bila kuambiwa.

Tahadhari: matoleo ya zamani yalikata mashairi ya matusi, hili limeyaacha yote. Msizipige sidii hizi mbele ya watoto. Na kama jazi ni ngeni kwako, anza na rekodi zake za mwaka 1926 na bendi yake ya Red Hot Peppers, ndipo ununue boksi hili.