AutoDock Vina kwa utafiti wa tezi dume: nyepesi, ya bure, ila angalia hemu

Nyota 4 kati ya 5. Kwa mwanafunzi wa kemia au famasia wa Mbeya au Iringa, mwenye laptopu ya kawaida na bando la kubana, hii ndiyo programu ya kuanzia kupachika molekuli kwenye protini. Hailipiwi, ni ya megabaiti chache, na ukishaipakua haidai intaneti tena.

Nyota moja imepotelea kwenye CYP17A1, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza androjeni, homoni zinazochochea saratani ya tezi dume. Ndicho kinachozuiwa na dawa ya abiraterone. Umbo lake linapatikana bure kwenye PDB, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, namba 3RUK, abiraterone ikiwa ndani. Lina minyororo minne. Baki na mmoja.

Wengi hujikwaa kwenye maandalizi. Ukifuta kila kisicho protini, maji yanaondoka na hemu, kipande chenye chuma kilicho ndani ya kimeng'enya, nayo inaondoka. Molekuli yako itajibanza kwenye nafasi ya hemu, alama (makadirio ya Vina ya nguvu ya kushikana; hasi zaidi ndiyo bora) itapendeza, na kazi yote itakuwa bure. Futa maji, toa abiraterone uiweke pembeni, hemu usiiguse. Wengine hupakua abiraterone acetate. Hiyo ni ya kwenye kidonge. Mwili huigeuza kuwa abiraterone kwanza.

Kisanduku cha kutafutia mkao, angstromu 22 (angstromu ni sehemu moja ya kumi ya nanomita) kila upande, kinatosha, kitovu kikiwa pale ilipokaa abiraterone. Exhaustiveness, yaani bidii ya utafutaji, huja ikiwa 8. Ipandishe hadi 32, na seed, namba inayoanzisha utafutaji wa kubahatisha, iandike daftarini, la sivyo mwenzako hatapata majibu yale yale. Kabla ya molekuli mpya, ipachike upya abiraterone yenyewe: ikipishana na mkao wake wa awali kwa zaidi ya angstromu 2, rudi kwenye maandalizi. Pima pia umbali wa naitrojeni ya piridini, pete iliyo kwenye abiraterone, hadi chuma cha hemu. Kwenye 3RUK vimeshikana, takribani angstromu 2, lakini Vina haikijui kifungo hicho. Chuma hukichukulia kama mtoaji wa kifungo cha hidrojeni tu. Kwa hiyo alama zake hapa ni za kuchuja, si za kutangaza.

Molekuli kubwa zenye asili ya mafuta nazo hupendelewa. Beta-sitosteroli ya gome la mti wa Prunus africana ikipata alama ya -10, usikimbilie kusema umepata dawa.

Umeme ukikatika, molekuli iliyokuwa ikikokotolewa huanza upya. Ziendeshe moja moja, kila jibu na faili lake.