Huduma ya usuluhishi mjini Mombasa: msuluhishi safi, mapokezi yenye walakini

Tathmini hii inahusu ofisi moja ya usuluhishi wa migogoro ya biashara iliyo karibu na Barabara ya Nkrumah, mjini Mombasa. Sitalitaja jina lake wala la msuluhishi, kwa sababu hati tuliyotia saini inatufunga tusiyatoe nje yaliyosemwa chumbani, na mji wetu ni mdogo; ukiitaja ofisi, kufikia magharibi watu watakuwa wamekwisha kujua nani anamdai nani. Kinachoweza kuelezwa bila kuvunja siri ni namna huduma yenyewe inavyoendeshwa.

Mgogoro wetu ulijulikana mtaa mzima kabla hatujafika huko. Mimi na dada yangu hukodisha mahema, viti na masufuria ya harusi, na mteja mmoja, mzee anayeheshimika, alizuia salio la malipo akisema hema liliwavujia wageni wake. Tungeweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya mwaka 2016 iliyorekebishwa mwaka 2020 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa kukamilisha shauri ndani ya siku 60, na haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Ni njia nzuri, na kwa mdaiwa asiyejibu simu ndiyo ningeipendekeza. Sisi tuliiacha kwa sababu mzee yule bado ana mabinti wa kuozesha, nasi tungependa mahema yaendelee kuwa yetu.

Jambo lililoniridhisha kuliko yote lilifanyika kabla hatujalipa hata senti. Msuluhishi, ambaye pia ni wakili, alizikabidhi pande zote mbili karatasi moja yenye maneno yale yale. Alieleza kwamba miaka ya nyuma aliwahi kuandika mkataba wa pango kwa ajili ya mdogo wake yule mzee, kwamba kazi hiyo ilikwisha na hakuna nyingine inayoendelea, na kwamba upande wowote ungeweza kumkataa bila kutoa sababu. Dada yangu akamuuliza mbele ya wote kama huyo ndugu ana deni kwake, au kama anatarajia kumpa kazi tena. Akajibu moja kwa moja, bila kuonyesha kwamba swali limemkera. Tukamkubali.

Nalikazia hili kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba mtu asiyeegemea upande ni yule asiyemjua yeyote. Mtu wa namna hiyo Mombasa hapatikani: huyu alisoma chuo kimoja na yule, na yule ameoa kwao. Linaloweza kudaiwa kwa haki ni kwamba uhusiano utajwe mapema, utajwe kwa pande zote kwa pamoja, na anayeambiwa awe na uwezo wa kweli wa kukataa. Uhusiano unaotajwa baada ya ada kulipwa na tarehe kupangwa ni taarifa tu, maana ni wachache watakaokuwa na ujasiri wa kuanza upya. Karatasi ile pia ilimzuia msuluhishi kumwakilisha yeyote kati yetu baadaye katika jambo hilo hilo. Sharti hilo lina msingi wake: katika kesi ya King Woollen Mills, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikwisha kueleza kwamba wakili aliyezitumikia pande mbili katika shughuli moja hawezi kusimama na mmoja dhidi ya mwenzake pale ugomvi unapozuka juu ya shughuli ile ile.

Ada tuliigawana nusu kwa nusu kwa M-Pesa, na kila upande ukapewa risiti yake. Mzee alitaka kulipa yote, kwa ukarimu tu, na msuluhishi akamkatalia kwa adabu.

Walakini uko mapokezini. Siku ya kikao cha kwanza tulifika mapema tukaketi kwenye benchi la ukumbini, mahali ambapo hewa haipiti kabisa. Mzee alipoingia, karani aliinuka, akamwamkia, akamwambia, "Karibu ami, pita ndani kwenye feni," akamletea kahawa. Sisi tulikuwa tumeambiwa, "Ngojeni hapo." Simlaumu kijana kwa kumheshimu mtu mzima, angemwacha mzee amesimama ningemwona hana malezi. Lakini chumba alichompeleka ni kile kile cha kikao, na msuluhishi alikuwa humo. Mlango ulifungwa. Waliyozungumza huenda yalikuwa hali ya hewa na bei ya samaki, nasi kule nje hatukuwa na njia ya kulijua hilo.

Wanasheria wanaikumbuka kesi ya Uingereza iliyoripotiwa mwaka 1924, ya mwendesha pikipiki aliyetiwa hatiani na mahakimu wa Sussex kwa kuendesha kwa hatari. Karani aliyeingia faragha pamoja na mahakimu alikuwa mshirika katika ofisi ya mawakili iliyokuwa ikimwakilisha mtu aliyekuwa akimdai fidia mwendesha pikipiki huyo kwa ajali ile ile. Mahakimu waliapa kwamba hawakumuuliza lolote wala yeye hakutia neno, na Mahakama Kuu ya huko ikawaamini. Hata hivyo ikaifuta hukumu, kwa sababu haki haitoshi kutendeka, sharti pia ionekane wazi kuwa imetendeka. Ofisi inayouza huduma ya kutopendelea ingepaswa kumfundisha karani wake kisa hicho siku ya kwanza ya kazi, kwa kuwa mteja huanza kuipima haki pale anapopokelewa.

Kwa sifa yake, msuluhishi tulipomweleza hakujitetea. Alifungua kikao kwa kulitaja jambo hilo mbele ya mzee na karani wote wawili, akaeleza kwamba "ami" ile ilikuwa ya heshima na hakuna udugu wa damu, na tangu hapo kila upande ulisubiri katika chumba chake chenye feni yake.

Ndani ya kikao sina la kulalamikia kuhusu adabu ya mezani. Katika waraka unaonasibishwa na Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kwenda kwa kadhi wake Abu Musa al-Ash'ari, kadhi anaagizwa awasawazishe watu katika kuwatazama, katika kuwaketisha na katika uadilifu wake, na meza ya duara ya ofisi ile ilikuwa imelikidhi hilo la kuketisha. Mzee aliitwa Mzee, nasi tukaitwa Bwana na Bi, hakuna aliyeitwa "kijana" ili anyamazishwe.

Vikao vya faragha vinahitaji maelezo kwa asiyevizoea. Hakimu haruhusiwi kumsikiliza mdai mmoja nyuma ya mgongo wa mwenzake, ilhali msuluhishi anaruhusiwa, kwa kuwa yeye haamui lolote; hubeba tu kile alichopewa ruhusa kukibeba. Msuluhishi wetu alikaa na mzee muda mrefu zaidi kuliko aliokaa nasi, na dada yangu akaanza kutazama saa. Baadaye alieleza kwamba mzee alikuja bila kupanga karatasi zake, na kwamba kumpa kila mtu dakika sawa si lazima iwe ndiyo kumpa nafasi sawa. Hoja hiyo naikubali, ila ilipaswa kutangazwa kabla ya mlango kufungwa. Nilipomwomba ataje kiasi anachokiona cha haki, alikataa katakata, na hapo aliniudhi; lakini msuluhishi akishataja kiasi, anayekiona kidogo atamhesabu kuwa mpinzani wake.

Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, yakasomwa kwa sauti polepole, na mzee akapewa nafasi ya kumwonyesha mwanawe kabla ya kutia saini.

Tulipata pungufu ya tulichodai. Hata hivyo naipa huduma hii nyota nne kati ya tano, kwa kuwa nilichonunua ni mwenendo wa haki, na huo nilipewa. Nyota ya tano imezuiwa na mapokezi, pamoja na ukweli kwamba hakuna mahali palipobandikwa maelezo ya pa kumshtaki msuluhishi endapo angeegemea upande. Mlalamikaji dhidi ya wakili ana Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na dhidi ya mahakama ana Ombudsman wa Mahakama. Kwa msuluhishi binafsi, uliza kabla ya kulipa ni chombo gani kilichomwidhinisha. Uliza pia kama kikao kinaweza kufanyika chini, kwani ofisi iko ghorofa ya juu na ngazi zake si rafiki wa magoti ya wazee.