Serow 250 au CRF ya mashindano? Maoni yangu kwa njia za Pemba

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama uko Pemba na unataka pikipiki ya kupanda na kushuka mashamba ya karafuu halafu jioni hiyo hiyo uingie nayo mjini Chake Chake bila kumkwepa trafiki, chukua Yamaha Serow 250. Ile Honda CRF250R ya mashindano ambayo vijana wote wanaitolea macho waachieni wenye kiwanja cha kuchezea. Maelezo ni marefu, asotaka aishie hapa.

Mie kazi yangu sola, nafunga paneli na pampu za maji, na wateja wangu hawakai kwenye lami, wako Mtambwe ndani huko, wako Makangale, mwengine Kengeja juu kilimani gari inaishia chini unabeba betri kichwani. Masika ule udongo mwekundu ukirowa hizi pikipiki za kawaida za boda zinateleza kama sabuni, tairi nyembamba, tumbo liko chini linagonga mizizi. Ndo maana nikataka kitu cha juu kidogo, tairi ya mbele inchi 21, shokapu ndefu.

Duka nlilokwenda kutazama liko Unguja, silitaji jina sitaki vita. Pale ilikuwepo CRF250R, Honda XR250 Baja ile ya taa mbili kubwa mbele, na Serow mbili. CRF nzuri wallahi, nyepesi, kilo mia na kitu tu, ukiiangalia unaona kabisa inataka kuruka. Muuzaji ananambia shekhe hii ukitia taa na honi kazi imekwisha, unaweka namba unatembea. Hapo ndo nikajua huyu bwana ama hajui anachokiuza ama anajua sana.

Maana tuseme ukweli, pikipiki ya mashindano haikuondolewa taa, haikutengenezewa taa tangu mwanzo. Haina taa ya mbele wala ya nyuma, haina indiketa, haina honi, haina spidi mita, haina kioo, hata stendi ya kuegemezea haina, unaiweka juu ya kiboksi. Sasa mtu anasema "tia taa", umeme wa hiyo taa utoke wapi? Koili iliyomo ndani inazalisha umeme wa kuchomea plagi na mambo ya injini yenyewe, basi, chakubakia ni kidogo mno. Ukitaka taa ya kweli inabidi koili isukwe upya iongezewe nyuzi za taa, ule umeme unaotoka ni wa kupanda na kushuka kama wa jenereta, kwa hiyo utie rektifaya ya kuugeuza uwe wa moja kwa moja kama wa betri na kuudhibiti usivuke kipimo, halafu betri ndogo ya volti 12 uitafutie pa kukaa, maana zile za kabla ya 2018 hata sehemu ya betri haikuwekwa. Kuna wanaofunga taa za LED na betri peke yake bila kuchajiwa na injini, unaichaji nyumbani kama simu. Inawaka, sikatai, lakini ukitoka Konde wakati wa magharibi ukafika Wete imeshafifia utaniambia. Na taa ya breki lazima iwake ukibana mkono na ukikanyaga mguu, kwa hiyo swichi mbili, mafundi wengi wanafunga moja ya mguu wanakwambia inatosha.

Hayo ni ya umeme tu. Tairi nazo zile za vidole virefu vya motokrosi, yaani mbio za kwenye udongo, nyingi zimeandikwa ubavuni kabisa kwamba si za barabara kuu, na ukizipeleka kwenye lami iliyorowa utaelewa kwa nini, sehemu inayogusa chini ni ndogo sana. Eksozi inapiga kelele mtaa mzima waamke. Gia zake fupi, ukienda mwendo wa kawaida tu kwenye lami injini inalia kama inauawa, labda ubadilishe sproketi, zile gurudumu za meno za cheni. Na injini yenyewe matunzo yake yanahesabiwa kwa masaa ya kuendesha, si kwa kilomita, oili kidogo inabadilishwa mara kwa mara, pistoni inabadilishwa kama unavyobadilisha plagi kwenye pikipiki nyengine. Kimo cha siti karibu sentimita 95, mie mfupi, nikisimama kwenye utelezi mguu mmoja uko hewani. Nani kanituma?

Lakini zaidi ya yote ni karatasi. Hapa ndo watu wanapoliwa. Zile za mashindano Japani hazikuwa na namba ya barabarani, kwa hiyo hazina ile karatasi ya kufutiwa usajili ambayo pikipiki ya barabara inakuja nayo, zina karatasi ya mauzo tu. Mie nikamwambia muuzaji nipe karatasi nilinganishe na namba ya fremu, inapigwa kwenye shingo pale usukani unapoingia, futa mafuta uisome kwa tochi. Tarakimu moja haikulingana. Akasema ah hayo makosa ya kuandika tu. Inawezekana kweli, ila ushuru wa TRA, kadi, bima, vyote vinafuata namba ile, na ikija kukaguliwa ni wewe utakaeulizwa, yeye keshakula pesa zako. Kwa hiyo wee ukienda kununua anza na karatasi, halafu namba ya fremu, halafu ya injini, ndo uombe kuiwasha. Watu tunaanza na kuvuta mafuta mlio usikike.

Haya, Serow. Imezaliwa na kila kitu, taa, indiketa, honi, vioo, spidi mita, pahala pa kufunga namba. Na jambo wengi hawalijui, Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mwanga wa chini wa taa yake umekaa sawa kwa njia zetu. Taa iliyokatwa kwa nchi za kuendesha kulia, mfano zile za Emirates, mwanga unavutia upande wa pili unamchoma macho anaekuja. Siti sentimita 80 na kitu tu, miguu yote inafika chini. Injini inapozwa na upepo, silinda moja, cc 249, haina haraka yoyote, mtu wa mbio itamuudhi sana, lakini gia ya kwanza inapanda kilima polepole na mzigo wa waya nyuma bila kulalamika. Tairi ya nyuma haina tyubu ingawa ringi ni ya spoku, msumari ukiingia unaziba kwa nje unaendelea.

Ila si malaika. Haina kiki, selfu peke yake, betri ikifa porini umekwisha, na hizi za kuanzia 2008 zinatia mafuta kwa pampu ya umeme, hata kusukuma huenda isikusaidie. Za 2005 mpaka 2007 ni kabureta, mafuta yanashuka yenyewe bila pampu ya umeme, mie nimechukua hiyo kwa makusudi. Tenki dogo, lita 9 na kitu. XR Baja ingekuwa nzuri pia, taa zake mbili zile usiku ni mchana, ila ndefu na ile ya dukani ilikuwa imechomelewa fremu.

Fundi alonifanyia matengenezo yuko Wete, huyu namsifu. Mpira wa waya alikuwa ashautafuna panya, akaubadilisha waya mzima badala ya kuzungusha tepu, akapima chaji kwa mita mbele yangu injini ikiwa juu, ikasoma volti 14 na ushei ndo akafunga. Akakataa kunitolea vioo nlipomwambia vinanikera vichakani, akanionesha jinsi ya kuvilaza. Kasoro yake ni ahadi, akikwambia kesho wewe hesabu wiki.

Spea: cheni ni 428, saizi ile ile ya boda nyingi, unaipata mpaka Micheweni na ukate kwa idadi ya pingili zako. Sproketi na klachi kebo haziingiliani na za boda, agizeni mbili mbili mapema, na chujio la hewa osheni kila baada ya vumbi la kaskazi.