Nimeziba Kelele za Gari kwa Laki Nne: Mvua Imenyamaza, Lami Bado Inaongea

Sikilizeni hii kwanza. Naomba sekunde kumi, siongei.

Mmesikia? Hayo ni maji ya mpira wa bustani yakipiga paa la gari yangu wiki mbili zilizopita, kabla sijagusa kitu. Nimekaa ndani, vioo vimepanda vyote, simu iko kwenye kiti cha abiria. Sasa hii ya leo. Mpira uleule, bomba lilelile, na aliyeshika kule nje ni mdogo wangu yuleyule.

Hiyo! Nairudisha tena. Ile ya kwanza ni bati la kibanda. Hii ya pili ni kama mvua inanyesha nyumba ya tatu. Nimeirudia hii video labda mara ishirini na bado inanifurahisha.

Karibuni. Kama ni mara yako ya kwanza, hapa tunapima vitu vya gari kwa hela yetu wenyewe, hakuna duka lililonipa shiti hizi, yaani vipande vya kubandika kwenye bati la gari kupunguza kelele. Na kabla sijasahau, kile kipindi cha maswali ya moja kwa moja kimehamia Jumapili jioni. Alhamisi wengi mlikuwa barabarani, mlilalamika, nimewasikia.

Haya, shiti zenyewe. Butili, ule mpira laini unaonata, iko chini, karatasi ya alumini juu, unene milimita 2. Hayo mnayajua, tusimalize bando la mtu. Ninachotaka mkione ni hiki. Nagonga paa upande huu ambao sijabandika: tang, tang. Umesikia ule mkia wa sauti, unavyoendelea kulia baada ya kidole kuondoka? Nagonga upande wenye shiti: dup. Imekufa palepale. Paa la gari ni bati jembamba limewambwa kama ngozi ya ngoma. Tone likidondoka, ngoma imepigwa. Shiti inafanya kazi ya kiganja cha mpiga ngoma anapokilaza juu ya ngozi. Bati likitaka kutetemeka, ile butili iliyobanwa kati ya bati na alumini inavutwa huku na huku, na mtetemo unaishia humo ndani kama joto dogo usiloweza kulisikia.

Ndiyo maana naudhika na video zinazokuonyesha gari limefunikwa alumini kona kwa kona, linang'aa kama bakuli la pilau la harusini. Huhitaji hivyo! Kiganja hakifuniki ngoma nzima. Robo ya bati, ukibandika katikati pale linapotetemeka zaidi, imeshakupa sehemu kubwa ya faida. Anayekuambia ufunike yote anauza shiti.

Na nataja bei sasa hivi, maana najua mko kwenye maoni mnaandika "bei, bei". Shiti moja ni sentimita 46 kwa 80. Nimenunua 12 kwa 22,000 kila moja, hiyo ni 264,000. Sponji ya kuweka juu yake, ile ngumu isiyonyonya maji, 60,000. Fundi wa kufungua paa la ndani na makava ya milango, 80,000. Jumla 404,000. Shikilieni hiyo namba. Na gari imeongezeka kama kilo 14, uzito wa mtoto wa miaka mitatu, huyo yuko ndani siku zote na wewe ndiye unayemnunulia mafuta.

Kuna watu watakuambia nenda kachukue ile lami ya kuzibia mapaa ya nyumba, inauzwa kwa roli, bei ndogo. Kwa paa la gari, nakuomba sana, usifanye. Gari ikishinda juani Dar es Salaam kuanzia saa nne mpaka saa kumi, bati la juu huwezi kuliwekea kiganja. Lami inalainika, inanuka, inaachia, inadondokea kitambaa cha paa la ndani, na kitambaa kikishalegea hakirudi kama kilivyokuwa. Chini ya kapeti unaweza kunibishia. Juu ya kichwa chako, hapana.

Sasa twende barabarani, na hapa ndipo furaha yangu inapungua.

Nilipima kwa simu. Simu si kipimo cha maabara, lakini ni simu ileile, imekaa palepale, kipande kilekile cha barabara baada ya Kibaha, kilomita 80 kwa saa, kiyoyozi kimezimwa. Kabla: desibeli 71, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Baada: 68. Mpira wa maji juu ya paa: 74 ikashuka mpaka 65. Utaona tatu na tisa, utadhani moja ni mara tatu ya nyingine. Desibeli hazihesabiwi hivyo. Ukishusha tatu umekata nusu ya nguvu ya sauti, lakini sikio lako linasema tu "mh, kuna kitu kimebadilika." Mpaka sikio likubali kelele imepungua nusu unatakiwa ushushe kama kumi. Kwa hiyo kwenye mvua nimeikaribia nusu. Kwenye lami nimenunua "mh" moja.

Kwa nini? Mvumo wa tairi haupiti kwenye bati peke yake. Unapanda kwenye mikono ya chini, ile inayoshika tairi, na shokapu, unaingia kwenye bodi nzima. Upepo unapita kwenye raba za milango na kwenye vioo, na kioo hubandiki shiti, unataka kuona mbele. Halafu kuna lami yenyewe. Ukitoka kwenye lami laini ukaingia kwenye ile ya kumwagia lami kisha kokoto juu, gari inabadilika kama umehamia gari nyingine. Hakuna shiti ya kubadilisha kokoto za barabara.

Watengenezaji wenyewe wanajua vita hii ni ndefu. Rolls-Royce walipotoa Ghost mpya mwaka 2020 walisema wameweka zaidi ya kilo 100 za vifaa vya kuzuia sauti. Kilo 100! Na kimya kilipozidi kikawa kinawachanganya waliokuwa ndani, ikabidi warudishe mnong'ono kidogo. Mimi na kilo zangu 14 kwenye gari ya cc 1300, namba D, sishindani na hao. Ila kuna duka linaandika "kimya kama gari la kifahari" juu ya boksi la shiti, na hilo linaniudhi kwa sababu kuna mtu anakopa hela kwa ajili ya maneno hayo.

Dada mmoja anayeendesha teksi mtandao aliniletea gari yake mwezi uliopita. Alishatenga laki tano azibe sakafu, kuna mvumo "uuuu" unamchosha, na abiria wanampa nyota chache. Tukatoka naye. Kwenye mwendo wa 60 nikamwomba akate usukani kidogo kushoto. Mvumo ukapanda. Kulia, ukashuka. Hiyo ni beringi ya tairi, upande wa kulia, inaelemewa gari inapolalia upande huo. Akabadilisha beringi, kelele ikaisha, laki tano yake ikabaki mfukoni. Angebandika shiti angekuwa amefunika mlio unaomwambia tairi lake liko hatarini.

Kwa hiyo kabla ya shiti: beringi, upepo wa tairi, tairi zilizoliwa upande mmoja, raba za milango. Raba unaipima kwa noti. Funga mlango juu ya noti, ivute. Ikitoka bila kukwama, hapo ndipo upepo unapoingilia.

Milango sasa. Sikutaka kuisifia, lakini ngoja niufunge huu. Mmesikia? Unafunga kwa uzito, haulii debe. Na spika, bila kubadilisha spika, besi imekuja, kwa sababu bati halichezi tena nyuma yake. Sawa, nakubali, milango ya mbele inastahili.

Ila simamia fundi mwenyewe. Wa kwanza niliyempa kazi alibandika mpaka chini kabisa akaziba vitundu vya kutolea maji. Mvua moja tu, nikikata kona nasikia maji yanacheza ndani ya mlango. Mlango umeumbwa upitishe maji; ukiyafungia utakula kutu. Ikabidi kubandua kwa hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, na spiriti, na klipu tatu za kava la mlango zikavunjika. Na pembeni mwa paa, kama gari yako ina mifuko ya hewa ya pembeni, usibandike chochote kwenye njia yake.

Swali lenu lile: ningerudia? Paa, kesho asubuhi. Shiti tatu, 66,000, juu yake uongeze hela ya fundi wa kufungua, na masika yote unaongea na simu bila kupiga kelele. Milango ya mbele, ndiyo. Matao ya tairi za nyuma, ndiyo kama unapita vumbi na kokoto kila siku, kelele za zile kokoto zinazorushwa zimepungua sana. Sakafu nzima, kwa gari ya bei hii, hapana. Hela hiyo ongezea kwenye tairi nzuri.

Nimebakiwa na shiti mbili. Nazibandika kwenye tundu la tairi la akiba, kisha napita tena kipande kilekile cha Kibaha, na namba nitaziweka juu kabisa kwenye maoni. Mdogo wangu, funga maji.