Miwani ya VR ya Kilwa Kisiwani: nilimpeleka mama, haya ndo niliyoyaona

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa wenye wazee nyumbani wanaotamani safari ila miguu imegoma. Mama yangu kazaliwa Kilwa Kivinje, mara ya mwisho kuvuka kwenda Kisiwani alikuwa binti bado, saivi magoti hayamruhusu, na wanaoijua safari ile wanaelewa, kutoka Dar ni kilomita kama 300 za basi, halafu pale Kilwa Masoko upande boti, ukishavuka ndo kutembea kwenye jua kunaanza. Sasa niliposikia kuna ofisi ya utalii hapa mjini wanaonyesha magofu ya Kilwa kwa miwani ya VR, ile unavaa machoni unaona kama uko pale pale, elfu 15 dakika 20, nikamchukua Jumamosi tukaenda.

Cha kwanza nisifie. Picha ni kali, umevaa tu umesimama mbele ya Gereza, ile ngome ya zamani, bahari nyuma yako, unageuza shingo unaona mikoko. Mama alikaa kimya kama dakika nzima, mimi nikaogopa nikamuuliza mama uko sawa? Akanyoosha mkono kushika ukuta, vidole vinapapasa hewa, anasema "hii si chokaa ya matumbawe hii". Walipomfikisha kwenye Msikiti Mkuu akainama kwenye kiti akavua ndala. Kijana wa pale akataka kumwambia bibi si lazima, nikamkonyeza amwache. Aliziweka pembeni vizuri kabisa, ndo akasema haya twende. Kwa hilo peke yake elfu 15 yangu imelipa.

Ila sasa. Maelezo yote ni Kiingereza kitupu, tena ya haraka, na huu ni mji wa Waswahili jamani! Mama ananiuliza huyu anasemaje, ikabidi nikae pembeni natafsiri, kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, kwamba Wareno waliivamia 1505, kwamba Husuni Kubwa ilikuwa jumba la sultani na lina bwawa la pembe nane. Nikinyamaza naye anaanza kunisimulia mimi, bibi yake alikuwa anawaambia nini kuhusu majumba yale, nani alikatazwa kupita wapi magharibi ikiingia. Hayo hayamo kwenye rekodi yoyote ile, na ndo yaliyonikaa kichwani kuliko picha zenyewe. Kwanini wasiende Kilwa wakakaa na wazee wakarekodi sauti zao? Ni kazi ya siku chache tu, na wazee wenyewe ndo wanatutoka hivi.

Mengine ni ya vifaa. Mkanda umelegea miwani inashuka puani, vioo vina mafuta ya nyuso za watu, futeni basi kila mteja akitoka. Kiti cha plastiki kisichozunguka, kwahiyo mzee anaona mbele tu, nyuma mpaka ajinyonge. Halafu kile kipande cha kuruka toka Gereza mpaka msikitini kama ndege kilimpa mama kizunguzungu, maana macho yanaona unakwenda na mwili unajua umekaa, lazima kichwa kivurugike. Ukienda na mzee waambie mapema wasimrushe, wamhamishe tu pa-pa toka sehemu moja kwenda nyingine, inawezekana kwa rimoti na haisumbui kabisa. Na dakika 20 ni nyingi kwa mara moja, sisi tulivua katikati akanywa maji.

Ambaye hana hiyo hela asikate tamaa, kwenye tovuti ya Google Arts & Culture Kilwa ipo bure, waliiweka pamoja na CyArk, shirika la kupiga picha za 3D za sehemu za kale, mwaka 2020 kwenye mradi wa sehemu tano za dunia zinazoliwa na mabadiliko ya tabianchi, kuna 3D unaizungusha kwa kidole unaona bahari inavyokula ufukwe. Kwa simu haikumezi kama miwani na bando inakula, lakini wanangu niliowaonyesha wamekaa nayo jioni nzima.

Ninachokitamani mimi ni kitu kama cha Roma, kwenye magofu ya mabafu ya Caracalla tangu 2017 unavaa miwani ukiwa umesimama palepale, unaona kuta na mapambo yalivyokuwa enzi hizo. Hebu fikiria uko Husuni Kubwa, mbele yako shimo kavu na nyasi, unavaa unaona maji kwenye lile bwawa na paa juu yako. Waongoza watalii wa Kilwa wangepata kitu cha kuongeza kwenye kazi yao, na mgeni asingeondoka anasema nimeona mawe tu.

Kwa ile ofisi natoa nyota tatu na nusu. Ikija sauti ya Kiswahili na kiti cha kuzunguka nawapa zote tano siku hiyohiyo. Mama kauliza kama Kivinje nayo imo, kijana akasema haimo, mama akamwambia ukipata nafasi nenda kaipige picha, nyumba yetu iko karibu na soko.